Mgonjwa wa Sukari Asipikiwe Sufuria Yake



Ndugu wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni. Tunaomba akina mama mtusomee kwa uvumilivu, na akina baba msifungue ukurasa mwingine, kwa maana jambo lenyewe linawahusu pia.

Mama mmoja wa huku kwetu Nshamba, ambaye hatutamtaja jina, alirudi kutoka kliniki akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa amepimwa na kukutwa na sukari nyingi katika damu. Uzito wake ulikuwa kilo 86, na aliambiwa aupunguze. Karatasi ilikuwa fupi: acha chapati, acha maandazi, acha chipsi, acha soda, punguza mafuta. Watu wa nyumbani kwake walimpenda, wakaitii karatasi kwa moyo wote. Mkwe wake alinunua sufuria ndogo, akawa anampikia peke yake: ndizi za kuchemsha zisizo na kitunguu, na mchicha uliopikwa kwa maji matupu. Wengine wakaendelea na chakula chao kama kawaida, yeye akila pembeni na kisahani chake.

Wiki ya tatu mjukuu wake alimkuta nyuma ya jiko jioni, ana chapati mbili ndani ya khanga, anakula kwa haraka kama mwizi. Mama yule alilia kwa aibu. Na kwa sababu ya aibu hiyo, tarehe ya kurudi kliniki ilipofika hakwenda, wala mwezi uliofuata hakwenda. Tulipomtembelea na wanajumuiya wenzake alituambia maneno ambayo hatujayasahau: kwamba ugonjwa aliweza kuuvumilia, lakini kutengwa na sufuria ya nyumbani kwake kulimshinda.

Ndiyo maana tunaandika leo. Maoni yetu ni haya: mtu anayetakiwa kupunguza uzito, awe mgonjwa wa sukari, wa shinikizo la damu au mwenye kitambi tu, asipikiwe sufuria yake. Sufuria ya nyumba nzima ndiyo ibadilishwe. Na vile vyakula vinavyotufurahisha, yaani chapati, maandazi, chipsi mayai, senene, ndizi na maharage yaliyokolea, visipigwe marufuku, bali vipikwe upya kwa namna nyepesi, nyumbani, kwa mikono yetu wenyewe. Marufuku hudumu wiki tatu, kama tulivyoona. Mapishi mapya yakizoeleka huweza kudumu miaka.

Mapishi mepesi si mageni kwetu

Wapo watakaosema kwamba kula bila mafuta mengi ni mambo ya Wazungu. Hebu tukumbuke jiko la bibi zetu hapa Buhaya. Ndizi zilimenywa, zikawekwa pamoja na maharage, zikafunikwa vizuri kwa majani ya mgomba na kuachwa ziive taratibu. Ladha ilitoka kwenye maharage yenyewe, chumvi, mboga za majani, karanga zilizotwangwa au samaki mkavu kutoka ziwani. Wenye ng'ombe waliongeza samli kidogo. Hakuna aliyeona kwamba chakula hicho ni cha mgonjwa. Kilikuwa chakula cha heshima, na mgeni alipewa hicho hicho.

Chakula cha kuelea katika mafuta kimetujia baadaye, kwa njia ya hoteli za njiani, vibanda vya chipsi na mafuta ya kupima ambayo leo hata mtoto hutumwa kununua dukani. Tena mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uligunduliwa hapa wilayani kwetu Muleba, na nyumba zilizopungukiwa ndizi zilijikuta zikinunua unga dukani. Unga wa ngano peke yake hauna ladha ya kuvutia, hivyo huitwa mafuta na sukari kuja kuusaidia. Wakati huo huo miguu yetu nayo imepumzika: safari za shambani na sokoni ambazo wazee walikwenda kwa miguu, wengi wetu twazimaliza juu ya pikipiki.

Matokeo yake yanaonekana. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na kutangazwa mwaka 1989, ulikuta kwamba wenye ugonjwa wa sukari hawakufika hata mtu mmoja kati ya watu 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta watu 9 kati ya 100 wakiwa na ugonjwa huo, na karibu watu 26 kati ya 100 wakiwa na shinikizo la juu la damu. Tafiti hizi mbili hazikufanywa kwa namna moja, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Ugonjwa wa sukari si ugonjwa wa matajiri wa Dar es Salaam tena. Umo katika vigango vyetu.

Hofu ya kukonda

Lakini kuna jambo jingine ambalo karatasi ya kliniki haikuliandika, na sisi wa Kagera inatupasa tulitamke. Kwetu huku kukonda kunatisha.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, na majirani zetu wa Uganda waliuita Slim, yaani mwembamba. Nshamba na vijiji vyake vilizika wengi, na nyumba nyingi zikabaki na yatima na mabibi. Katika miaka ile mtu aliyepungua alihesabiwa kuwa ameshaondoka. Tangu hapo unene umekuwa kwetu kama cheti cha afya, na mtu akipungua kilo tano majirani humtazama usoni halafu hunong'ona. Yule mama wa chapati mbili alitueleza pia kwamba aliogopa maneno hayo.

Leo mambo yamebadilika. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake vizuri huishi miaka mingi na mwili wake huwa na nguvu. Umbo la mtu halikuambii ana nini katika damu. Mnene aweza kuwa mgonjwa na mwembamba akawa mzima. Basi tuwe na huruma: jirani anayepunguza uzito kwa ushauri wa daktari tumtie moyo, tusimzushie. Ila mtu anayekonda bila kukusudia, hasa akiwa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kikohozi au homa, asikae nyumbani akifurahi kwamba kitambi kimeisha. Aende kupima. Hospitali zetu za Rubya na Kagondo haziko mbali.

Na wala hatuhitaji kukonda kama fimbo. Huko Marekani utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliowahusisha watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa, ulionyesha jambo la kutia matumaini. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa dakika 150 kila wiki walipunguza hatari ya kupata ugonjwa wa sukari kwa asilimia 58, kuliko wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6. Hiyo si kazi ya kujitesa. Ni kazi ya kijiko.

Kijiko cha mafuta

Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kilokalori zipatazo 120. Kilokalori ni kipimo cha nguvu ambayo chakula huupa mwili, na nguvu isiyotumika hugeuka kuwa mafuta ya mwilini. Kilokalori 120 ni karibu sawa na zile zilizomo katika gramu 100 za ndizi ya kuchemsha, yaani ndizi moja ya kutosha. Ndizi unaiona, unaitafuna na inashibisha. Kijiko cha mafuta hukioni wala hakishibishi. Ndiyo maana tunasema anayetaka kupungua aanze na chupa ya mafuta kabla hajagusa ndizi.

Tuchukue sufuria ya watu sita. Wengi wetu humimina mafuta kwa kukadiria, na tukipima tutakuta yamefika nusu kikombe, ambayo ni vijiko 8 vya mezani. Mama akipima vijiko 2 tu, amepunguza vijiko 6. Kila mlaji amepunguziwa kilokalori 120 kwa mlo mmoja, bila kupunguziwa ndizi hata moja, na chupa ya mafuta imekaa siku nyingi zaidi. Haya sasa tuingie kwenye mapishi yenyewe. Yote tumeyajaribu katika majiko yetu, na pale yalipotushinda tutasema.

Ndizi na maharage. Loweka maharage usiku, yachemshe mpaka yalainike kabisa. Ponda upawa mmoja wa maharage uyarudishe kwenye supu yake, ili mchuzi uwe mzito bila kuhitaji mafuta. Kaanga vitunguu kwa vijiko 2 vya mafuta, na vikianza kukauka ongeza maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Weka nyanya, karoti, nyanya chungu na pilipili hoho, kisha ndizi na maharage. Funika kwa jani la mgomba, upike kwa moto mdogo. Ukitaka kutia karanga, tia konzi moja iliyotwangwa na uache mafuta kabisa, maana karanga zina mafuta yake. Kuweka vyote viwili ni kubeba mzigo mara mbili. Vile vikolezo vya pakiti vina chumvi nyingi, na mwenye shinikizo la damu aviepuke. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Chapati. Chukua unga vikombe 2, nusu yake ukiwa unga wa atta usiokobolewa. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Unga upumzike nusu saa, kwani hapo ndipo ulaini unapotoka. Gawa madonge 5, sukuma, choma kwenye kikaango kikavu kilichoshika moto. Chapati ikiiva pande zote, ipake mafuta kijiko kimoja cha chai kuenea pande mbili, kisha ifunge kwenye kitambaa safi ikiwa ya moto. Usipoifunika itakuwa ngumu, na hapo ndipo sisi tuliposhindwa mara ya kwanza, watoto wakatucheka. Kusema kweli haiwi na matabaka kama ile ya hotelini, lakini kwa mchuzi wa maharage hakuna aliyelalamika.

Maandazi. Andazi jepesi kwa kweli ni mkate mdogo, na ni heri tuseme hivyo kuliko kudanganyana. Unga vikombe 3, hamira kijiko kimoja cha chai, ndizi mbivu ndogo 2 zilizopondwa badala ya sukari, hiliki, kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, na maziwa au maji ya kutosha kukandia. Acha uumuke saa moja. Kata vipande, vipange katika sufuria iliyopakwa mafuta kidogo, acha viumuke tena kidogo. Weka sufuria juu ya makaa machache, funika, na juu ya mfuniko weka makaa mengi zaidi. Kwa muda wa nusu saa hivi vitaiva na kupata rangi. Mgonjwa wa sukari akumbuke kwamba ndizi mbivu nayo ina sukari, hivyo kimoja kwa chai kinatosha.

Chipsi mayai. Hiki ndicho kishawishi cha vijana wetu wote. Kata viazi mviringo 2, vichemshe dakika 5, mwaga maji, vikaushe kwa kitambaa. Tia kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango, panga viazi, funika mpaka chini viwe rangi ya kahawia, geuza. Piga mayai 2 pamoja na kitunguu, nyanya na hoho nyingi, mimina juu, funika tena kwa moto mdogo. Kula na kachumbari sahani nusu. Hukuzamisha kiazi katika mafuta, na ladha ya yai ni ile ile.

Senene. Hapa tunajua tunagusa moyo wa Mhaya! Senene hawahitaji mafuta ya dukani kabisa, kwa maana wana mafuta yao mengi. Ukishawatoa mbawa na miguu na kuwaosha, weka kwenye kikaango na maji kidogo na chumvi. Maji yakikauka mafuta yao hutoka yenyewe, nawe koroga mpaka wakauke vizuri. Anayemwaga mafuta juu ya senene anaongeza mafuta kwenye mafuta. Ni chakula kizuri cha kujenga mwili. Mwenye kupunguza uzito ale konzi moja pamoja na mlo, si bakuli zima akiwa anapiga hadithi.

Chai na soda. Anayekunywa vikombe 3 vya chai kwa siku na kutia vijiko 3 vya sukari katika kila kikombe amekula vijiko 9. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku, ambazo ni kama vijiko 6 vya chai kwa vyakula na vinywaji vyote. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 ina kama vijiko 9 peke yake. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautashtuka, na tia tangawizi, mchaichai au mdalasini. Akina baba nao wasisahau kwamba rubisi na bia zina kilokalori nyingi, na kwamba glasi huwa haihesabiwi kama mlo.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni kula mara mbili kwa sababu chakula ni chepesi. Tupige hesabu ya chapati. Kila moja ina unga gramu 50, yaani kilokalori kama 180. Ya kawaida ikiwa imebeba kijiko cha mezani cha mafuta hufika 300. Ile nyepesi hufika kama 220. Basi anayekula nyepesi 3 amekula 660, na anayekula za kawaida 2 amekula 600. Mwepesi amemzidi mzito! Namna nyepesi husaidia tu kama idadi haiongezeki. Twashauri chapati moja au moja na nusu, na nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo ndizi au chapati, robo maharage, samaki au nyama isiyo na mafuta. Tunajua sahani ya Mhaya ni kilima cha ndizi, na robo itaonekana kama tusi. Tuanze kwa kuongeza mboga kwanza, kilima kitapungua chenyewe.

Mtego wa pili ni kumpunguzia asiyestahili kupunguziwa. Tuliposema sufuria ya nyumba nzima ibadilishwe hatukusema watoto wadogo wanyimwe. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, anahitaji chakula chenye nguvu nyingi, na mkoa wetu wa Kagera, pamoja na migomba na maharage yake, umekuwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Ukishapakua ya wakubwa, mtoto mwongezee katika sahani yake kijiko cha mafuta, karanga, yai au maziwa. Kadhalika mama mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa kifua kikuu, anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI akiwa na mwili dhaifu, na mzee aliyekonda: hao wasipunguziwe bila ushauri wa daktari. Kuongeza katika sahani ni rahisi. Kutoa mafuta yaliyokwisha kuingia katika sufuria haiwezekani.

Na mgonjwa wa sukari anayechoma sindano za insulini au kumeza vidonge asiruke mlo, wala asipunguze chakula kwa ghafla bila kumwambia daktari wake, maana sukari yaweza kushuka mno. Akitokwa jasho, akitetemeka, akichanganyikiwa, na kama bado anaweza kumeza, apewe mara moja maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali upesi.

Gharama na heshima

Tumesikia pingamizi kuhusu fedha. Ni kweli kwamba unga wa atta huuzwa bei ya juu kuliko ule mweupe, na makaa ya juu ya mfuniko ni gharama. Lakini mafuta yanayobaki kwenye chupa, sukari inayobaki kwenye kopo na soda isiyonunuliwa hulipa sehemu kubwa ya gharama hiyo. Asiyepata atta atumie unga alionao, apunguze mafuta tu. Hilo halimgharimu kitu.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima. Mgeni akija, mama huona aibu kumpa chapati kavu. Katika sherehe za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na harusi, wali usiong'aa mafuta huhesabiwa kuwa ubahili. Sisi twaona hapa WAWATA na UWAKA wa parokia zetu wanaweza kutusaidia kuliko daktari yeyote. Wao ndio wapishi wa sherehe na wao ndio wapangaji wa bajeti. Hatusemi waondoe pilau. Twasema pembeni ya soda pawe na maji safi ya kunywa, pembeni ya vitafunwa vya kukaanga pawe na karanga za kuchemsha, matunda na mahindi, na mwenye kuchagua asiulizwe kwa nini. Katika jumuiya zetu ndogondogo, baada ya sala, chai ipikwe bila sukari na kopo la sukari liwekwe mezani. Hapo mgonjwa wa sukari hatajitangaza, wala hatakaa nyumbani kuepuka maswali.

Mwili na sala

Wako wanaochanganya mambo haya na mfungo. Sheria ya Kanisa huwataka walio na umri wa miaka 18 hadi 59 kufunga siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wagonjwa husamehewa. Mgonjwa anayetumia dawa za sukari asijilazimishe kufunga, atafute sadaka nyingine. Mfungo ni sala na ni huruma kwa maskini. Anayefunga ili suruali imtoshe hajafunga bado. Na anayejinyima siku 40 kisha akarudisha vyote katika wiki ya Pasaka hajausaidia mwili pia.

Tukumbuke habari ya nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alichoka, akalala chini ya mti akiomba kufa. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimwekea mkate uliookwa juu ya mawe ya moto na chombo cha maji, akamwambia ale. Ulikuwa mkate wa moto, uliookwa kwa mkono, bila anasa, naye alipata nguvu za kutembea safari ndefu. Twaona kwamba Mungu hadharau haja ya mtu kufarijiwa kwa chakula. Basi nasi tusimwambie mgonjwa wetu kwamba faraja imeisha siku alipopimwa.

Yule mama tuliyeanza naye amerudi kliniki. Mkwe wake aliitoa ile sufuria ndogo akaifanya ya kuchemshia maziwa ya watoto, na nyumba nzima sasa wanakula ndizi za vijiko viwili vya mafuta na chapati za kufungwa kwenye kitambaa, mara moja kwa wiki, siku ya Dominika. Uzito wake umeshuka kilo tatu. Sukari haijafika pale daktari anapotaka, na bado anameza dawa zake, kama inavyompasa. Lakini anakula mezani pamoja na wajukuu wake, na mume wake, aliyelalamika sana mwanzoni, ameanza kukifunga mkanda wa suruali tundu la ndani zaidi.

Ndugu wasomaji, wiki hii fanyeni jambo moja tu. Kabla ya kumimina mafuta katika sufuria, chukueni kijiko mpime. Dominika ijayo jaribuni chapati moja wapo ya namna tuliyoeleza, mkae wote mezani mkaile pamoja.

Mungu awabariki na kuwalinda. Tukutane tena mwezi ujao.